Mafuvu, Kipande na Barua ya Chifu: Nani Anayetunza Nasaba ya Taita Taveta?

Mwananchi anapofiwa na mzazi aliyeacha shamba bila kuacha wasia, hatua yake ya kwanza ni ofisi ya chifu, kabla hata ya kumtafuta wakili. Hutakiwa apate barua inayowataja warithi wote wa marehemu: wake, watoto wa kiume na wa kike, walio hai na waliofariki wakiacha watoto. Barua hiyo ya ukurasa mmoja hubeba kesi nzima ya mirathi chini ya Sheria ya Urithi, iliyotungwa mwaka 1972 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Chifu huandika anachokijua. Asichokijua huwauliza wazee. Nao wazee hutegemea kumbukumbu. Endapo mzee wa mwisho aliyemjua mke wa pili wa marehemu ameshazikwa, mke huyo na uzao wake waweza kufutika katika ardhi yao kwa kukosekana kwa sentensi moja.

Naanza na barua hii kwa sababu inaonyesha jambo ambalo wanafunzi wangu wa historia hulisahau upesi. Nasaba hudhaniwa kuwa mazungumzo ya wazee wakati wa jioni, kumbe ni ushahidi. Dola la Kenya humdai raia wake wa mashambani ushahidi huo kila siku: kwenye kitambulisho, kwenye mirathi, kwenye madai ya ardhi. Hata hivyo, kwa sehemu kubwa ya historia yake, dola hilo halikuwahi kuutunza, na pale ulipokuwa umetunzwa na wenyeji kwa njia zao, liliuacha uharibiwe au usafirishwe. Napenda kulieleza jambo hili kwa kutumia kaunti moja, Taita Taveta.

Taita Taveta ni kaunti ya kilomita za mraba takriban 17,000, yenye watu 340,671 kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2019. Zaidi ya nusu ya eneo lake imo ndani ya mbuga za Tsavo, zilizotengwa mwaka 1948. Wakazi wake wengi wamebanana katika milima mitatu ya Dawida, Saghala na Kasighau, katika miji ya Voi na Mwatate, na kwenye tambarare za Taveta mpakani mwa Tanzania, ambako mashamba makubwa ya mkonge yalichukua ardhi nzuri tangu enzi za ukoloni. Mahali penye ardhi kubwa na nafasi ndogo ya kuishi, swali la nani ni mtoto wa nani haliwezi kuwa swali la starehe.

Hifadhi ya kwanza: mapango

Kabla ya karatasi kufika, Wataita walikuwa na hifadhi ya nasaba inayoweza kuguswa kwa mkono. Mtu aliyeishi maisha kamili alizikwa, na baada ya mwaka mmoja hivi au zaidi kaburi lilifunguliwa, fuvu likatolewa na kupelekwa kwenye pango au chini ya mwamba uliokuwa mali ya ukoo wake. Huko liliwekwa pamoja na mafuvu ya waliotangulia. Wanawake nao walikuwamo. Wazee waliokwenda kuomba mvua au afya walisimama mbele ya watu wao, wakiwaita kwa majina.

Wageni wengi waliyatazama mapango hayo wakaona ushirikina. Mwanahistoria anapaswa kuyatazama na kuona kazi iliyokuwa ikifanyika hapo. Pango lilithibitisha kwamba ukoo fulani, ambao Wadawida huuita kichuku, ulikaa mlima huo kwa vizazi kadhaa. Liliwafunza vijana mpangilio wa vizazi, kwa kuwa anayeongoza ibada alilazimika kumjua kila aliyewekwa pale. Aidha, liliunganisha nasaba na mahali: jina halikuelea hewani, lilikuwa na mwamba wake, mti wake na njia yake ya kupandia. Tukilinganisha na masijala ya kisasa, tofauti ni moja tu ya msingi. Masijala humruhusu mgeni asome bila kumwuliza mtu. Pango halikusomeka bila mtu wa kulisomea. Fuvu halina lebo. Jina lake liko kinywani mwa mjukuu.

Udhaifu huo ndio uliogharimu. Wamisionari wa Church Missionary Society waliingia Saghala mwaka 1883, na mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu wakaanzisha misheni Bura mwaka 1892. Kadiri vijana walivyobatizwa, ndivyo desturi ya kufukua mafuvu ilivyofifia, na pamoja nayo mafunzo ya majina. Mapango yalibaki, lakini wasomaji wake wakapungua kizazi baada ya kizazi.

Kisha baadhi ya mafuvu yakaondoka. Mwaka 1931 jarida la Biometrika, lililokuwa likichapishwa Uingereza, lilitoa utafiti wa Kitson uliopima mafuvu yaliyotoka koloni ya Kenya, yakiwamo ya Taita. Baadaye mwanaanthropolojia wa Marekani, William W. Howells, alipokuwa akijenga takwimu zake maarufu za mafuvu zaidi ya 2,500 kutoka pande zote za dunia, aliyajumuisha mafuvu 83 ya Wataita yaliyohifadhiwa Chuo Kikuu cha Cambridge. Zaidi ya nusu yao yaliorodheshwa kuwa ya wanawake. Takwimu hizo leo zinapatikana bure kwenye intaneti. Wanafunzi wa tiba ya uchunguzi wa maiti na wa mageuzi ya binadamu huzitumia duniani kote, na neno Teita limekuwa kwao jina la sampuli.

Tafakari maana yake. Tunajua upana wa fuvu la bibi fulani wa Taita kwa milimita. Tunajua kimo cha tundu la jicho lake. Hatujui jina lake, wala kichuku chake, wala pango alimotolewa lilikuwa upande gani wa mlima. Kila kitu ambacho wajukuu wake wangetaka kukijua hakikuandikwa, na kila kitu ambacho hawakuwahi kukiuliza kimeandikwa kwa usahihi mkubwa. Sisemi kwamba wapimaji hao walikuwa na nia mbaya kila mmoja wao. Ninasema kwamba rekodi hujibu swali la anayeiandika.

Hifadhi ya pili: karatasi za serikali

Hali ni hiyo hiyo tunapogeukia karatasi za utawala. Kodi ya vibanda ilianzishwa mwaka 1901. Karani wa kodi alihitaji kujua idadi ya vibanda na mwanamume wa kuvilipia. Mwenye wake watatu alionekana kuwa mtu mmoja mwenye vibanda vitatu. Wake wenyewe walikuwa paa za nyasi katika hesabu ya serikali. Sheria ya kuwasajili Waafrika ya mwaka 1915, iliyotekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ilileta kipande, ile hati iliyowekwa katika kijaluba cha chuma na kuvaliwa shingoni. Kipande kilitaka jina, kabila, alama za vidole na maoni ya mwajiri. Kilikuwa rekodi ya kibarua, asiweze kutoroka shamba la mkonge la mzungu. Kama kilitaja ukoo, kiliutaja ili mtu apatikane kwao akitoroka.

Usajili wa lazima wa vizazi uliwahusu Wazungu tangu mwaka 1904 na Waasia tangu 1906. Kwa Waafrika ulipanuliwa wilaya kwa wilaya, na ukafikia nchi nzima mwaka 1971. Sensa ya kwanza iliyowahesabu Waafrika wa Kenya kwa utaratibu ilifanyika mwaka 1948. Wanawake walianza kuandikishwa vitambulisho mwaka 1978, miaka kumi na mitano baada ya uhuru.

Weka tarehe hizo pamoja uone umbo la pengo. Mwanamke aliyezaliwa Mwanda au Werugha mwaka 1925 hana cheti cha kuzaliwa. Hakuwa na kipande. Kodi haikumtaja. Akifariki kabla ya 1978, anaweza kuwa amelima shamba moja kwa nusu karne na kuzaa watoto wanane bila jina lake kuingia hata mara moja katika daftari la dola. Leo mjukuu wake anapodai sehemu ya shamba hilo, mahakama humwuliza: ushahidi uko wapi? Swali ni halali kisheria. Kihistoria ni kejeli.

Mahali pengine pa kumtafuta bibi huyo ni daftari la kanisa. Daftari la ubatizo lilikuwa na jina lake jipya, tarehe, jina la mzazi au la mdhamini, na huenda kijiji. Daftari la ndoa lilimtaja mume na mashahidi. Kwa koo nyingi za milimani, daftari hizo ndizo karatasi za kale kuliko zote zinazomtaja mwanamke kama mtu. Lakini zina mipaka yake. Zinawataja walioongoka na kuwaacha ndugu zao waliobaki nje. Zinambadilisha mtu jina, hivi kwamba babu mmoja yumo katika simulizi kwa jina la nyumbani na katika daftari kwa jina la Biblia, na hakuna anayeweza kuunganisha wawili hao ila mzee anayejua yote mawili. Karatasi, kama pango, nayo inahitaji msomaji wa nyumbani.

Kasighau: pale rekodi inapokatika

Mfano mchungu zaidi katika kaunti hii ni Kasighau. Mwaka 1915, wakati majeshi ya Wajerumani kutoka Tanganyika yalipokuwa yakishambulia eneo la Voi na reli, Waingereza waliwatuhumu watu wa Kasighau kwa kumsaidia adui. Jamii nzima ikahamishwa kwa nguvu hadi Malindi. Watu wa mlimani walitupwa katika joto na malaria ya pwani, na wengi wakafa. Waliosalia waliruhusiwa kurudi katika miaka ya 1930, zaidi ya miaka ishirini baadaye.

Jiulize hifadhi ya nasaba inafanyika nini katika miaka hiyo. Waliokufa Malindi hawakurudishwa kwenye mapango ya ukoo. Watoto waliozaliwa uhamishoni walikua bila kuona miamba waliyosimuliwa. Wazee waliojua majina walikufa kwanza, kama ilivyo kila mahali palipo na njaa na homa. Waliporudi walikuwa wageni katika karatasi za nchi yao wenyewe, kwa kuwa kwa miongo miwili ramani za serikali zilikuwa zimeuona mlima huo bila wao.

Sasa soma sheria ya leo. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Tume ya Ardhi ya Taifa kinazungumzia dhuluma za kihistoria za ardhi zilizotokea kati ya tarehe 15 Juni 1895 na tarehe 27 Agosti 2010. Miongoni mwa masharti yake, mdai aonyeshe kwamba alikuwa mmiliki au mkaaji wa ardhi inayodaiwa. Kwa ukoo wa Kasighau, kuonyesha ukaaji wa kabla ya 1915 ni kuonyesha nasaba, na kuonyesha nasaba ni kutaja majina ambayo uhamisho wenyewe uliyafuta. Dhuluma imeharibu ushahidi wa dhuluma. Mahakama isiyoijua historia hii itaona udhaifu wa mdai pale ambapo ingepaswa kuona kina cha jeraha.

Wataita wenyewe walilielewa jambo hili mapema. Chama cha Milima ya Taita, kilichopigania ardhi mwishoni mwa miaka ya 1930, kilidai kwa hoja ya urithi: hapa waliishi baba zetu. Mwaka 1940 serikali ya kikoloni ilikipiga marufuku pamoja na Kikuyu Central Association na chama cha Wakamba, na viongozi wake wakazuiliwa. Serikali haikamati watu kwa sababu ya hadithi zisizo na uzito.

Hatari ya nasaba

Kuna pingamizi ambalo mwanaharakati makini atalitoa hapa, nami nalichukua kwa uzito. Je, kufufua rekodi za koo si kuwapa wanasiasa silaha ya kuwagawa watu kuwa wenyeji na wageni? Taita Taveta ina Wataita na Wataveta, lakini pia ina Wakamba, Wajaluo, Wapare, Wasomali, Wamijikenda na wengineo, wengi wao wajukuu wa vibarua waliokuja na reli na mkonge. Tumeona nchini Rwanda jinsi utawala wa Kibelgiji ulivyoandika kabila katika vitambulisho miaka ya 1930, na jinsi karatasi hizo zilivyotumika kwenye vizuizi vya barabarani mwaka 1994. Hata sheria yetu ya kusajili watu inataja kabila miongoni mwa mambo ya kuandikwa.

Jibu langu ni kwamba nasaba ikichunguzwa vizuri hudhoofisha hoja ya utakaso wa ukabila. Masimulizi ya koo za Taita yanakiri kwamba watu walifika milimani kutoka pande mbalimbali, zikiwamo pwani na Upare. Ukoo unaodai kuwa wa kale kuliko wote una mkwe aliyetoka mbali na mtoto aliyelelewa. Nasaba za mdomo hupanuka zikamwingiza mgeni aliyekaa, na hujikunja zikamsahau aliyehama. Mwanasiasa hupenda nasaba fupi, safi na isiyoandikwa, kwa sababu hiyo anaweza kuikata apendavyo. Nasaba ndefu, iliyorekodiwa pamoja na mikanganyiko yake, humnyima uhuru huo. Aidha, rekodi ya kaunti haina sababu ya kuishia kwa wenyeji wa milimani. Kibarua wa mkonge aliyezikwa Mwatate au Taveta mwaka 1955 ana wajukuu wanaostahili kulijua kaburi lake.

Hata hivyo pingamizi linatulazimu kuweka masharti. Nasaba ya mtu ni habari yake binafsi. Inaweza kufichua mtoto wa nje ya ndoa, aliyewahi kuwa mtumwa, au mgonjwa. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 haikutungwa kwa ajili ya benki na kampuni za simu pekee.

La kufanya

Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, iliziachia kaunti shughuli za utamaduni, maktaba na makumbusho. Sheria ya Kulinda Maarifa Asilia na Sanaa za Jadi ya mwaka 2016 inazitaka serikali za kaunti kuanzisha na kutunza sajili ya maarifa hayo. Kwa hiyo mamlaka yapo. Kinachohitajika ni kazi, na kwa wasomaji wa makala haya walio katika utumishi wa umma napendekeza kazi nne.

Kwanza, kaunti ipate nakala ya faili za wilaya yake. Ripoti za wakuu wa wilaya ya Taita zimo katika Nyaraka za Taifa jijini Nairobi, na sehemu ya nyaraka za wilaya na mikoa ya Kenya ilipigwa picha za filamu na kupelekwa Chuo Kikuu cha Syracuse, Marekani, tangu miaka ya 1960. Mwanafunzi wa New York anaweza kuzisoma kwa urahisi kuliko mwanafunzi wa Wundanyi. Nakala za dijitali katika maktaba ya kaunti zingeondoa aibu hiyo.

Pili, kaunti ikubaliane na makanisa, misikiti na shule kongwe ili madaftari yao yapigwe picha kabla mchwa na maji ya mvua hayajayamaliza. Wenye madaftari wabaki nayo. Kaunti ipate nakala, na kanuni za nani aone nini ziandikwe wazi.

Tatu, wazee warekodiwe kwa lugha zao, Kidawida, Kisaghala na Kitaveta, wakiwa wamesimama mahali wanapopazungumzia. Sauti pekee haitoshi. Jina la babu lililorekodiwa pasipo kutaja mwamba, kijito au mpaka wa shamba litakuwa na kasoro ile ile ya fuvu lililopelekwa Cambridge. Wanawake warekodiwe kwanza, maana pengo lao katika karatasi ndilo kubwa.

Nne, mapango yaorodheshwe na kulindwa, na mazungumzo kuhusu mafuvu yaliyoko ng'ambo yaongozwe na koo zenyewe. Huenda koo zingine zitataka yarudi mapangoni. Huenda zingine, zilizo za Kikristo kwa vizazi vinne, zitataka kuyazika. Huenda zingine hazitajua la kusema kwa kuwa majina yamepotea. Uamuzi ni wao. Wajibu wa kaunti ni kuhakikisha kwamba wanajua kwanza kwamba watu wao wako huko.

Kwenu wanafunzi nina ombi dogo zaidi. Mtakapokwenda nyumbani likizo hii, chukueni daftari. Andikeni majina ya wazazi wa babu na bibi zenu, pande zote mbili, pamoja na majina waliyoitwa kabla ya ubatizo au kabla ya shule. Andikeni walikozikwa, na nani aliyewaambia hayo, na tarehe mliyoambiwa. Mkikuta wazee wawili wanapingana, andikeni yote mawili bila kumpendelea mmoja. Kisha acheni nakala nyumbani.

Siku moja mmoja wenu atasimama katika ofisi ya chifu akihitaji barua ile ya ukurasa mmoja. Chifu atakuwa kijana, amehamishwa kutoka kata nyingine, hamjui marehemu. Atauliza nani alikuwa mke wa pili na watoto wake wako wapi. Ni vizuri mtu awe na jibu lililoandikwa.